Merikani na Kaniki

Harufu ya makumbi yaliyooza haifanani na harufu nyingine yoyote, na aliyekulia ndani yake haisahau. Makumbi ni yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Sisi tuliyafukia katika tope la mikoko upande wa Gazi, maji ya bahari yakajaa na kupwa juu yake kwa miezi kadhaa, kisha tukayafukua yakiwa meusi, laini, na yenye uvundo wa mayai viza. Mama aliyaweka juu ya gogo na kuyaponda kwa gongo mpaka nyuzi zikaachana na taka, nami nilikaa mkabala naye na gongo langu dogo. Lake likishuka, langu hupanda. Nyuzi zilizosafishwa zilisokotwa kamba, na kamba ndizo zilizotulisha, kwa kuwa baba alimwacha mama kabla sijaanza kutambaa, akaenda Tanga na kuoa huko. Harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye kanga, hata kwenye daftari langu la shule. Darasani wenzangu walisogeza madawati yao. Naanza na haya kwa sababu wimbo nitakaousimulia ulizaliwa katika mapigo ya magongo yale, na kwa sababu sitaki msomaji adhani kuwa naukumbuka utoto wangu kwa mapenzi. Naukumbuka kwa makini tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, katika kijiji chetu kati ya Gazi na Msambweni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, darasa la tatu, mmoja wa wasichana wanne shule nzima. Kilichonilipia shule kilikuwa minazi arobaini na miwili, iliyopandwa na babu yangu mzaa mama kwenye mchanga mwekundu nyuma ya msikiti. Miaka michache kabla ya kufa, babu alimpa mama minazi ile mkononi, akiwa na akili zake timamu, mbele ya mashahidi wawili. Mmoja alikuwa seremala, naye alitangulia mbele ya haki mwaka uliofuata. Wa pili alikuwa Hamadi. Babu alipokufa, akajitokeza Salimu, mpwa wake, mtoto wa dada yake, akasema minazi ni yake. Kwa mila yetu ya zamani ya Kidigo mali ya mtu hurithiwa na watoto wa dada yake. Kwa sheria ya dini hurithiwa na watoto wake mwenyewe. Wazee wetu walikuwa na mizani hizo mbili na walijua siku ya kutoa kila moja. Lakini kitu alichokitoa mtu kwa hiari yake akiwa hai hakikuwa na ubishi kwa mila wala kwa dini, ilimradi pawe na ushahidi. Na katika mambo ya mali, shahidi mmoja alitosha ikiwa mwenye kudai atakula yamini pamoja naye. Mama alikuwa tayari kuapa. Sharti lililobaki lilikuwa moja: shahidi huyo awe mwadilifu, mtu asiyejulikana kwa uongo. Na Hamadi alijulikana kijiji kizima, tangu kisimani hadi sokoni, kuwa ni mwongo.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mguu wa kushoto uliokakamaa gotini. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa jeshini, akafundishwa udereva, akapelekwa Burma kuendesha malori. Aliporudi hakukuwa na lori la kuendesha. Alikaa kando ya barabara ya Msambweni akitengeneza baiskeli na taa za karabai, na alipokuwa akitengeneza alisimulia. Watu walimwamini katika mambo ya ajabu kuliko yote. Walikubali kuwa huko mvua hunyesha miezi mitano bila kupumua, kwamba ruba huanguka kutoka mitini kama embe zilizoiva, kwamba alikula nyama ya kopo mwezi mzima. Kitu kimoja tu hawakukikubali. Hamadi alisema kuwa alikutana na askari wa Marekani waliokuwa weusi kama yeye.

Hapo lazima nieleze Marekani ilikuwa nini kwetu. Ilikuwa kitambaa. Bibi zetu walivaa merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi, na wafu wengi walizikwa nayo. Waliojua kuwa Marekani ni nchi walijua kuwa ni nchi ya Wazungu wenye fedha. Kwa hiyo Hamadi aliposema kuwa kwenye stesheni moja ya reli huko Asamu, mpakani mwa India na Burma, alipanga foleni ya mizigo na madereva weusi wa Kimarekani, mamia kwa mamia, watu wazima wenye vyeo begani, kicheko kilianza mwanzo wa barabara na kuishia mwisho wake. Alisema hao ndio waliokata njia milimani kuelekea China, wakiendesha tingatinga ukingoni mwa mabonde yasiyo na mwisho, na wengine walitumbukia nazo. Alisema walilala kwenye kambi yao, na Wazungu wa jeshi lile lile kwenye kambi ya kwao, wakala mbali na kuoga mbali, na maofisa wakubwa karibu wote walikuwa Wazungu. Alikuwa na rafiki miongoni mwao, sajini wa madereva aliyeitwa Jemsi. Jemsi alimwambia kuwa babu yake alizaliwa mtumwa, akatoroka shambani kwa bwana wake, akavaa koti la jeshi na kupigana vita vya kuukomesha utumwa wenyewe. Alimwambia pia kwamba hata damu wanayotiwa majeruhi, huko kwao, ya mweusi huwekwa chupa yake na ya mweupe chupa yake.

Hilo la damu ndilo lililommaliza. Salimu, ambaye wakati huo hakuwa na ugomvi na mtu, alikuwa amesimama pale na baiskeli yake iliyotoboka. Aliuliza kama damu hiyo nyeusi ikimwagika hutia madoa ya kaniki. Kaniki, kwa asiyeijua, ni kitambaa cheusi cha kazi, walichovaa wanawake mashambani na watumwa zamani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hamadi hakucheka wala hakukasirika. Aliingia ndani, akatoa picha ndogo iliyokunjika pembe: yeye na mtu mweusi mnene mwenye kofia ya kijeshi iliyolazwa pembeni, wameegemea lori. Picha ikapita mikononi mwa watu. Salimu aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha.

"Huyu namjua," alisema. "Ni mpishi wa treni, yuko Voi."

Nami nilikuwapo, nimetumwa mafuta ya taa. Jioni ile, mbele ya gogo, mama akiponda nami nikiponda, maneno yalijipanga yenyewe juu ya mapigo. Kila mstari mapigo manane:

Merikani ni nyeupe,
nyeusi huwa kaniki;
Hamadi katoka vita
na maneno hayashiki.

Kesho yake niliuimba shuleni. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesogeza dawati. Wiki haikuisha kabla watoto wote, hata wa Gazi, hawajaushika, na kila Hamadi alipopita akiburura mguu wake ulimfuata nyuma kama nzi. Nilijifunza siku hizo kwamba mtu anayenuka hupendwa akikitafutia kijiji mtu wa kumcheka. Nilifurahi sana. Sitaandika kuwa sikufurahi.

Babu alikufa miezi saba baadaye, na Salimu akaleta dai lake. Mwalimu wa msikiti, ambaye ndiye aliyeamua mashauri ya namna hii, alikuwa mtu mpole na mwoga. Miaka ile kulikuwa na Hali ya Hatari huko bara, serikali ikiwasaka waasi wenye silaha, na askari wa zamani aliyezungumza juu ya watu weusi wenye bunduki na vyeo alitazamwa kwa jicho la pembeni. Nadhani mwalimu hakutaka jina la Hamadi liandikwe popote karibu na la kwake. Hata hivyo alituma ujumbe nyumbani kwetu. Alisema minazi haitapotea ikiwa Hamadi atatamka barazani kuwa yale ya Burma alitia chumvi, akatubia, akarudi kuwa mtu wa kuaminika. Mama aliusikia ujumbe, akashukuru, akaendelea kuponda. Hakwenda kwa Hamadi. Nilimwona mpumbavu. Basi nikaenda mimi.

Nilimkuta ameinamia mpira wa baiskeli ndani ya karai la maji, akitafuta povu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nilimweleza kila kitu jinsi mtoto wa shule anavyoeleza, kwa mpango: minazi arobaini na miwili, karo yangu, makumbi ya mama, na neno moja dogo linalotakiwa.

"Ami, sema tu ulitia chumvi. Ni neno moja."

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

Alitoa mpira majini, akaupangusa. Alinisimulia kwamba siku moja yeye na Jemsi walitaniana. Jemsi alimuuliza anapigania mfalme wa nani, ambaye hajapata hata kumwona. Naye akamuuliza Jemsi anapigania uhuru wa nani, ikiwa hata chakula hawezi kula meza moja na mwenzake. Walicheka, kisha hawakucheka. Siku waliyoagana, Jemsi hakumwomba anwani wala zawadi. Alimwomba, akirudi kijijini kwake, awaambie watu kuwa askari weusi kama yeye wapo.

"Niliapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa nitasema," aliniambia. "Na babu yako aliponiita nishuhudie minazi, niliapa hivyo hivyo. Ni ulimi ule ule, mwanangu. Nikiukata upande mmoja, upande wa pili utabaki?"

Nilimwambia kuwa yeye ni mwongo na kwamba Mungu hatampokea. Nilikimbia mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo nilimchukia, na chuki ya mtoto haina nafasi ya kupumzika. Nililala nayo na kuamka nayo.

Shauri lilisikilizwa baada ya sala ya Alasiri, kwenye ukumbi wa msikiti. Wanaume walikaa mikekani, wanawake nyuma ya kiambaza cha makuti, mimi nikiwa magotini mwa mama. Mama alieleza dai lake kwa sauti isiyotetemeka na akasema yuko tayari kula yamini. Kisha Hamadi akasimama, mguu wake ukiwa umenyooka mbele yake, akataja siku aliyoitwa na babu, mahali walipokaa, maneno ya babu neno kwa neno, na jina la seremala. Hakuna aliyempinga hata kwa neno moja. Kila mtu pale, Salimu mwenyewe akiwa miongoni mwao, alijua kuwa minazi ilitolewa. Nalisema hili wazi kwa sababu nimekuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kulipima, na sijapata tafsiri nyingine: walijua.

Mwalimu akamwambia kwa upole, "Hamadi, tunakutaka jambo jepesi. Sema mbele ya jamaa kuwa habari za wale Wamarekani weusi ulizitia chumvi. Omba msamaha kwa Mola wako, na ushahidi wako tutaupokea sasa hivi."

"Mwalimu, nikiitubia kweli, ndipo nitakuwa nimeanza uongo," alisema Hamadi. "Huo ndio mtakaoupokea?"

Mzee mmoja alimuuliza, kwa dharau, hao weusi wake walifikaje Marekani, kwa miguu? Hamadi alijibu kuwa walipelekwa kwa minyororo, kama wale waliopitishwa pwani hii hii na kuuzwa, na kwamba baadhi ya waliokaa ukumbini wanajua nyumba zilizowafungia. Neno hilo kwetu halikutajwa. Walikuwapo pale wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, wakila sinia moja kwa masharti kwamba hakuna anayekumbuka. Mpaka leo naamini kuwa ni hapo minazi ilipotupotea, si penginepo. Kweli iliyo uchungu hutakiwa ithibitishwe mara mia. Uongo mtamu hukaribishwa ndani bila hodi.

Mwalimu alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, akaupata. "Jamaa, mimi simhukumu mtu," alisema. "Lakini uadilifu wa mtu ni vile watu wanavyomjua. Huyu hata watoto wa njiani wanamwimba." Na yeye, mtu wa makamo mwenye kilemba, akaimba mistari miwili ya kwanza kwa sauti ya chini. Wanaume wakacheka, wakashukuru kupata la kucheka. Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake, mapigo manane, mapigo manane. Mama hakunitazama. Mkono wake uliokuwa begani mwangu haukukaza wala haukulegea. Ushahidi ukakataliwa, yamini haikuapwa, na kabla ya Magharibi minazi ikawa ya Salimu.

Muhula uliofuata sikurudi shuleni. Mama alikwenda kumwomba Salimu makumbi ya minazi aliyopewa na baba yake mwenyewe, naye alimpa, kwa kuwa makumbi hayakuwa na kazi kwake, na kila alipompa alihakikisha watu wapo. Mnyonge hana haki, husema wenye haki. Kila Ijumaa mama alimpelekea Hamadi sahani ya chakula, na mimi ndiye niliyetumwa. Niliiweka sahani mlangoni na kuondoka bila kuamkia. Alikufa mwaka mmoja kabla ya uhuru, kwa ugonjwa wa mguu ule ule, na sikwenda msibani.

Nilipokuwa mkubwa nilihamia Mombasa, nikajifunza kushona. Jumamosi nilikwenda maktaba. Sikuwa na mwalimu; nilikuwa na kamusi na madaftari, na nilisoma kwa mpango, rafu baada ya rafu, kwa sababu mtu aliyetolewa shuleni hajui kipi cha maana na kipi si cha maana. Siku moja nilifungua kitabu kikubwa cha vita, na katikati yake palikuwa na ukurasa mzima wa picha: mlima uliokatwa, tope, tingatinga, na juu yake mtu mweusi mwenye kofia ya pembeni. Chini yake liliandikwa jina la mahali ambalo Hamadi alilitamka barabarani kwetu mara mia. Sikulia. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote, nikatafuta kitabu cha pili, kisha cha tatu.

Yote yalikuwamo. Weusi walipigana katika vita vya kuzaliwa kwa taifa lile, na wengi wao waliachwa watumwa baada ya ushindi. Walipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kama babu yake Jemsi, na kwa muda walipewa ujira mdogo kuliko wenzao kwa risasi zile zile. Katika vita vikuu vya kwanza, baadhi yao walikabidhiwa Wafaransa, wakarudi na nishani za Wafaransa vifuani, na wako waliouawa na makundi ya Wazungu katika miji yao wakiwa bado na sare. Katika vita vya pili walikata barabara, wakaendesha malori, wakapakua meli, kisha wakaambiwa kuwa hawakupigana. Na damu, ile damu iliyotuvunja mbavu, ilitengwa kweli, chupa kwa chupa, ingawa madaktari wenyewe walijua kuwa haina tofauti. Vita vilikuwa vimekwisha ndipo rais wao alipoamuru utengano ule jeshini ukome. Jeshi lile liliwahitaji kila mara, na kila mara likajitahidi kutowaona. Nilipofunga kitabu cha tatu niliona kuwa kijiji chetu, bila kujua, kilifanya kazi ya jeshi lile kwa uaminifu, bila hata kupewa sare.

Nilikwenda kwa mama, alikuwa hai bado, nikamwonyesha picha. Aliishika mbali na macho yake. Nilianza kumwambia juu ya wimbo, nikiwa nimejiandaa miaka mingi. Alinikatiza.

"Mapigo yalikuwa ya magongo yetu, Mishi," alisema. "Niliujua siku ya kwanza."

Sikumuuliza kwa nini sahani za Ijumaa alinituma mimi.

Salimu naye nilimpelekea kitabu. Alikuwa mzee, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alitazama ukurasa, akatabasamu, akasema naona umemleta tena mpishi wa Voi. Minazi alikuwa ameshaiuza. Imekatwa, pamejengwa nyumba za wageni, na meli za kivita za Marekani zinapotia nanga Mombasa mabaharia huja mpaka huku. Wengi wao ni weusi. Hukaa vitini pale palipokuwa na mstari wa tatu wa minazi yetu, wakinywa madafu yaliyoletwa kutoka mashamba ya wengine, na wajukuu wa Salimu huwaita ndugu na kupigwa picha nao. Hakuna anayeshangaa. Nikiwaambia vijana kuwa mtu wa hapa alipoteza jina lake kwa kusema kuwa watu hawa wapo, hudhani natia chumvi.

Mama amekwishafariki. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, nasomesha hitima nyumbani kwetu, na ni mimi ninayeandika karatasi ya majina ya marehemu, kwa kuwa mwandiko wangu ndio unaosomeka. Imamu wa sasa ni kijana, husoma kilichoandikwa. Jina la kwanza si la mama. Ni la Hamadi, na baada ya jina lake nimeandika neno moja: mkweli. Wanaume huitikia amina kwa pamoja, na Salimu yuko safu ya mbele, ameegemea fimbo yake. Mimi hukaa nyuma ya pazia, nazichambua sauti moja baada ya moja mpaka niifikie ya kwake. Huitikia kama wengine. Sijui kama husikia anachokiitikia. Mimi nasikia, na mwakani nitaliandika tena.